Sumu Niliyosema Imekwisha

Niliwaambia watu wa kijiji kimoja cha ukanda wa pamba kwamba udongo wao ni salama. Niliwaambia hadharani, mkutano wa kijiji ukiwa umekaa, mtendaji akiandika muhtasari, nami nimeshika ripoti yenye jina langu. Nilisema bakteria wa udongoni wameila sumu iliyomwagika kwenye ghala la zamani la dawa za pamba. Hawakuwa wameila. Sumu ilikuwa palepale, imeshikamana na udongo na miili ya bakteria haohao niliowasifu, na vijana waliotoka mkutanoni walikwenda kufyatua matofali kwa udongo ule.

Ninaliandika jambo hili lote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha zaidi, kwa sababu kosa langu halikuwa la kipekee. Watafiti wachanga bado wanalifanya, wakubwa wao wanaliwekea saini, na hasara yake inawaangukia watu ambao hawajawahi kukanyaga maabara.

Ghala lilijengwa enzi za ushirika. Liliweka DDT, lindeni na baadaye endosalfani, dawa ambazo wakulima wa pamba wa miaka ya 1970 na 1980 walizipuliza kwa mabomba ya mgongoni, wengi bila glavu wala kitambaa puani. Ushirika ulipoyumba dawa zilibaki ndani. Mapipa yakaoza kwa chini, magunia yakapasuka, bati za paa zikang'olewa moja moja, na masika yakawa yanaingia hadi sakafuni na kutokea upande wa pili. Baada ya miaka mingi lori lilikuja. Wakachukua mapipa na magunia yaliyoonekana, wakafagia, wakaondoka. Kilichobaki ni uwanja ambao upande mmoja haukuota nyasi vizuri, na harufu iliyorudi kila mvua za kwanza zilipopiga.

Wanakijiji walitaka kujua jambo moja tu: uwanja ule wautumie au wauache? Swali hilo nilikabidhiwa mimi.

Nilifanya mambo mawili. Nilichota maji ya kisima cha jirani, nikayapima, nikakuta mashine haisomi kitu. Kisha nikatwaa udongo, nikautia kwenye chupa za maabara pamoja na maji niliyochanganya na DDT na lindeni, nikaongeza bakteria niliowaotesha kutoka udongo wa eneo hilo, nikaziweka chupa kwenye mashine ya kutikisa. Kila asubuhi nilitoa maji kidogo, nikayachuja na kuyapima. Kufikia asubuhi ya kwanza sehemu kubwa ya sumu ilikuwa imeshatoweka majini. Siku zilizofuata iliendelea kupungua hadi DDT ikawa haionekani kabisa. Nikachora mchoro wenye mstari unaoshuka vizuri kutoka juu hadi chini, nikaandika pembeni kwamba bakteria wa eneo hili wana uwezo mkubwa wa kuvunjavunja viuatilifu.

Sikuuliza kile kilichopungua kimekwenda wapi. Kosa lilianzia hapo.

DDT hukimbia maji. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha mikrogramu chache tu za DDT, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Wanakemia hupima tabia hii kwa kuitikisa sumu katika chombo chenye maji na oktanoli, kimiminika cha jamii ya alkoholi kisichochanganyika na maji, kisha wanaangalia imejigawa vipi. Kwa DDT, kiwango kinachoingia kwenye oktanoli huzidi kile kinachobaki majini zaidi ya mara milioni moja. Ndani ya udongo kuna kitu kinachofanya kazi ya oktanoli, nacho ni mboji: mizizi, majani na samadi vilivyooza hadi vikawa weusi usio na umbo. Mwaka 1979 Cary Chiou na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba sumu za namna hii huingia na kuyeyukia ndani ya mboji. Mwaka huohuo Samuel Karickhoff na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa tope la mito na mabwawa kushika sumu hizo unakwenda sambamba na kiasi cha kaboni ya mboji kilichomo. Nilifundishwa haya chuoni. Kwa kalamu na karatasi ningeweza kukokotoa, kabla ya kugusa chupa hata moja, kwamba karibu DDT yote ingehamia kwenye udongo muda mfupi baada ya kuitia, hata kama bakteria wote wangekuwa wamekufa.

Na bakteria mwenyewe ni mshikaji hodari. Mwili wake umezungukwa na ukuta, na chini ya ukuta kuna utando wenye mafuta; wengine wana utando wa pili kwa nje. Wengi hujifunika kwa ute wa sukari na protini unaonata kwenye chembe za udongo. Gramu moja ya udongo wenye rutuba huweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja, na ukizijumlisha kuta zao zote unapata eneo kubwa mno la kunasia vitu. Sumu inayokimbia maji hujibandika hapo, au hupenya hadi kwenye mafuta ya utando ikatulia. Kwa kazi hiyo bakteria hahitaji kuwa hai. Marios Tsezos na J. P. Bell walichapisha mwaka 1989 ulinganisho wa viumbe hai na vilivyouawa, wakitumia ukungu uitwao Rhizopus arrhizus na tope la mitambo ya kusafishia majitaka, dhidi ya lindeni na sumu nyingine. Vilivyokufa navyo vilishika. Nilichokiandika kwenye ripoti kuwa ni kula kilikuwa, kwa sehemu kubwa kabisa, ni kunata.

Mama yeyote aliyepikia samaki kwenye chungu cha udongo anajua kwamba ukikisuuza, maji ya mwisho hutoka meupe. Chemshia maziwa ndani yake kesho uone. Mimi nilipima maji ya mwisho ya kusuuzia, nikatangaza kwamba chungu hakina samaki.

Nilichopaswa kufanya hakikuwa kigumu. Ningeweka chupa nyingine zenye udongo uleule na bakteria walewale, ila wameuawa kwanza kwa mvuke wenye shinikizo. Kama sumu ingepungua majini kwa kiasi kilekile katika chupa zenye wafu, ningejua papo hapo kwamba uhai wa bakteria hauhusiki. Ningeweka chupa zenye maji na sumu tu bila udongo, kwa sababu DDT hujishikiza hata kwenye kioo na kwenye kichujio, na nyingine huruka na hewa. Na mwisho, jambo muhimu kuliko yote, ningeutoa ule udongo chupani, nikauosha kwa heksani na asetoni zinazoing'oa sumu kwenye mboji, nikapima kilichotoka. Kisha ningejumlisha: kilichobaki majini, kilichomo udongoni, kilichonata kwenye kioo. Jumla ikikaribia kiasi nilichotia mwanzo, hakuna kilicholiwa. Jumla ikipungua, bado ningepaswa kuyatafuta mabaki ya mlo: DDT inapovunjika penye hewa huwa DDE, penye uhaba wa hewa kama kwenye tope huwa DDD. Anayetaka uhakika zaidi hutumia sumu yenye kaboni ya mionzi, akaifuatilia hadi anapoikuta kwenye hewa ya ukaa ambayo bakteria wameitoa. Bila hatua hizo huwezi kusema kuwa sumu imeliwa. Mimi nilisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuuosha udongo. Majibu ya haraka yapo: viyeyushi ni ghali, mashine ilikuwa na foleni, tarehe ya kukabidhi ripoti ilikuwa imekaribia. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililo sababu halisi. Sababu halisi ni kwamba nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka. Wafadhili wa kazi ile walitaka kusikia kwamba asili inajitibu. Wanakijiji walitaka uwanja wao. Nami nilitaka kuwa mtu aliyeleta habari njema. Kuosha udongo kungeweza kuniharibia habari hiyo, na ndani ya moyo wangu nilijua, ingawa sikujiambia kwa maneno.

Tena nilikuwa nimeonywa. Onyo lilitoka Vikuge, iliyoko Kibaha, mkoani Pwani, si mbali na Dar es Salaam. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, vingine vikiwa vimeshapitwa na wakati, ililetwa kutoka Ugiriki kama msaada, ikawekwa kwenye banda la shamba huko Vikuge. Banda lilianguka, dawa zikabaki kwenye mvua na jua. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Mwaka 2004 Elfvendahl, Mihale, Kishimba na Kylin walichapisha katika jarida la Ambio vipimo walivyochukua baada ya usafishaji huo. Baadhi ya sampuli za udongo wa juu zilikuwa na DDT na mazao yake hadi asilimia 28 ya uzito wa udongo wenyewe, na HCH, jamii ya lindeni, hadi asilimia 6. Maji ya eneo hilo yalifikia mikrogramu 30 za viuatilifu vya klorini kwa lita. Waliandika bayana kwamba udongo uliobaki ni taka hatari, na kwamba kuondoa kile kinachoonekana si lazima kumalize tatizo.

Makala hiyo ilikuwa mezani kwangu kabla sijaandika ripoti. Niliisoma. Nikasema moyoni kwamba Vikuge ilipokea shehena kubwa na kijiji changu kilikuwa na ghala dogo, kwa hiyo mambo hayalingani. Ukubwa ni kweli haulingani. Lakini DDT ya Vikuge na DDT ya ukanda wa pamba ni kitu kimoja, na mboji hushika kwa namna ileile kila mahali. Nililichukua somo la watu wanne waliofanya kazi kwa uangalifu, nikaliweka pembeni kwa sababu lilikuwa linanizuia.

Kuna kosa la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza. Wasukuma wa ukanda huo wa pamba wanaujua udongo wao kwa majina: luseni wa kichanga, ibambasi mgumu, mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Ghala lilikaa kwenye luseni, udongo mwepesi wenye mboji kidogo sana. Udongo niliotia kwenye chupa niliuchota bondeni, karibu na lambo, kwa kuwa ulikuwa laini na bakteria wake walioteshwa kwa urahisi. Ule ni udongo mweusi, wenye mboji na mfinyanzi wa kutosha. Kwa maneno mengine, nilipima uwezo wa kushika sumu katika udongo ambao haukuwa umemwagiwa, nikautangaza kuwa ndio uwezo wa udongo uliomwagiwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Kwa DDT, hata luseni hushika, maana DDT haina pengine pa kwenda. Lindeni ni jambo jingine. Lindeni huyeyuka majini kwa kiasi kinachozidi DDT takriban mara elfu moja, kama miligramu saba kwa lita, na penye mboji haba hushuka pamoja na maji ya mvua. Nilipima kisima kiangazi, maji yakiwa yametulia na hakuna mvua iliyopita udongoni kwa miezi. Bila shaka yalisoma safi. Kisima kile kilipaswa kupimwa masika, maji yanapopenya uwanja na kuelekea chini. Ushikaji wa udongo haufungi mlango moja kwa moja: sumu na maji hugawana kwa uwiano, na kila maji mapya safi yanapopita, udongo huachia kiasi kidogo ili uwiano urudi. Mvua moja huchukua kidogo, masika mazima huchukua zaidi, na miaka huendelea.

Ukweli ulitokea kwa njia ya kawaida kabisa. Kijana mmoja aliyejiunga na maabara alikuwa anajifunza kuosha sampuli kwa viyeyushi, akaomba udongo wowote wa kufanyia mazoezi. Nikamwelekeza kwenye friza, kwenye mabaki ya chupa zangu za zamani. Aliporudi na karatasi za mashine hakuwa na nia ya kunihukumu. Aliuliza tu, kwa heshima, kama udongo huu ndio ule ambao ripoti inasema umesafishwa na bakteria, kwa sababu karibu DDT yote niliyotia ilikuwa bado imo. Lindeni ilikuwa imepungua kiasi. DDE ilikuwa kidogo. Nilizitazama karatasi zile muda mrefu. Nikamwambia nitaliangalia.

Sikuliangalia upesi. Hili ndilo linalonichoma kuliko kosa lenyewe. Kukosea jaribio ni jambo linaloweza kumpata yeyote; kunyamaza ukishajua ni uamuzi. Nilinyamaza msimu mzima wa kilimo. Nilijipa kazi ya kurudia vipimo, jambo ambalo linaonekana la busara, lakini nilikuwa naurudia mchakato ambao matokeo yake nilikuwa nimeshayajua. Nilihofia ripoti yangu, nilihofia aliyeisaini juu yangu, nilihofia mkutano wa kijiji. Wakati huo kuku wa jirani na uwanja walikuwa wanaparura udongo uleule kila siku.

Kuku nawataja kwa makusudi. Kuku wa kienyeji hula udongo pamoja na wadudu na punje, na sumu zinazopenda mafuta huhamia kwenye kiini cha yai. Ng'ombe anayelisha mahali penye vumbi la namna hii hupata sumu inayoishia kwenye maziwa. Mimea kwa kawaida hunyonya DDT kidogo kupitia mizizi, hatari zaidi ikiwa vumbi linalobaki kwenye majani ya mchicha na matope yanayobaki kwenye maganda ya viazi. Lakini Jason White na wenzake huko Connecticut, Marekani, wamekuta kwamba baadhi ya aina za maboga ya jamii ya Cucurbita pepo huivuta DDE kutoka ardhini kwa kiasi kisicho cha kawaida. Na wale vijana wa matofali walikuwa wanaukanyaga udongo kwa miguu mitupu, asubuhi hadi mchana. Lindeni hupenya ngozi.

Hatimaye niliporudi kijijini, tulipima tena kwa njia sahihi: udongo wa uwanja wenyewe, kwa kina tofauti, na maji ya kisima baada ya mvua, na mayai machache tuliyonunua nyumba za karibu. Sumu ilikuwa udongoni. Lindeni ilikuwa kisimani, si nyingi, lakini ilikuwapo mahali niliposema haipo. Mayai nayo yalikuwa na DDE. Mkutano uliitishwa. Nilisimama nikasema kwamba niliyoyasema mwanzo hayakuwa kweli, kwamba sikuwa nimepima nilichopaswa kupima, na kwamba nimelijua hilo kwa muda kabla ya kurudi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa karani wa ghala lile, alisema tu kwamba wao waliujua udongo ule kwa harufu, wakaacha kuiamini pua yao kwa sababu mtaalamu amesema. Kisha mama mmoja akasimama, akaniita mwanangu, akauliza: mayai waliyokula watoto miaka hii yote, je? Nilimjibu kwamba sumu hii haiui mara moja kwa kiasi kile, kwamba hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu sana, na kwamba siwezi kumwambia mtoto gani amepata kiasi gani kwa sababu hakuna aliyewapima wakati ule. Aliyepaswa kusababisha wapimwe nilikuwa mimi. Aliketi. Sijapata jibu bora kuliko lile hadi leo, na sidhani kama lipo.

Sitaki kosa langu limfanye mtu aache kuamini kabisa kazi ya bakteria, maana huo utakuwa uongo mwingine. Wapo wanaokula kweli. Huko Japani alipatikana Sphingobium anayejulikana kama UT26, na India akapatikana B90A kwenye udongo wa mashamba ya miwa. Wote wana jeni ziitwazo lin zinazowapa vimeng'enya vya kuing'oa klorini kwenye lindeni na kuitumia kaboni yake kama chakula. Mwaka 1966 Raghu na MacRae, wakifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa mpunga huko Ufilipino, walionyesha kwamba lindeni hutoweka haraka zaidi kwenye udongo wa majaruba uliofunikwa na maji kuliko kwenye udongo huohuo uliouawa vijidudu. Angalia walichofanya: waliweka udongo uliouawa pembeni kama kipimo. Miaka mingi kabla yangu, jambo hilo lilikuwa limeshakuwa desturi ya kazi.

Kwa DDT mlo ni mgumu zaidi. Mara nyingi bakteria huibadilisha nusu njia, ikawa DDE, na DDE yenyewe ni ngumu kuvunjika na hupenda mafuta vilevile. Na hapa ndipo nilipokuja kuelewa kitu ambacho kiligeuza ripoti yangu juu chini. Ule ushikaji nilioudhania ni ulaji ndio unaozuia ulaji. Bakteria ana urefu wa mikromita moja hivi. Chembe za udongo na mboji zina vitundu vidogo kuliko hapo mara mamia, na kadiri miaka inavyopita sumu huzama ndani ya vitundu hivyo, mahali ambapo bakteria hawezi kuingia na kimeng'enya chake hakifiki. Martin Alexander wa Chuo Kikuu cha Cornell alitumia miaka mingi kuchunguza uzee huu wa sumu udongoni. Alionyesha kwamba sumu iliyozeeka ardhini hupatikana kwa shida zaidi kwa bakteria na hata kwa minyoo ya ardhini. Kwa upande mmoja hiyo ni nafuu, kwa kuwa sehemu ya sumu inakuwa imefungiwa. Kwa upande mwingine inamaanisha kwamba itadumu miongo, ikisubiri mtu achimbe, asage, alowanishe na kufyatulia tofali.

Udongo, basi, umetufanyia wema mkubwa kwa kushika. Bila mboji na mfinyanzi, visima vingi karibu na maghala ya zamani vingekuwa vimeharibika vibaya zaidi. Siku hizi wataalamu huongeza uwezo huo kwa makusudi, kwa kuchanganya mkaa uliosagwa kwenye udongo uliochafuka ili sumu ikwame humo na isiende majini wala kwa minyoo. Ni njia nzuri mahali ambapo hakuna fedha za kuuhamisha udongo wote. Lakini eneo hilo linabaki kuwa ghala. Linahitaji uzio, alama, na mtu anayelikumbuka baada ya wazee kuondoka. Katika kijiji kile uwanja sasa una uzio wa miiba na katani, kisima kimefungwa, na maji yanachotwa upande wa juu wa mteremko. Matofali yaliyokwisha kujengewa nyumba hayakubomolewa. Kuta zilipigwa lipu ndani na nje ili vumbi lisitoke. Udongo wenyewe bado haujaondolewa.

DDT ni miongoni mwa kemikali 12 za mwanzo zilizowekwa chini ya Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004. Lindeni iliongezwa 2009, endosalfani 2011. Mkataba huo unahusu kinachotengenezwa, kinachouzwa, kinachotumika na akiba zilizobaki. Kilichokwisha kuingia udongoni hakisomi tarehe hizo.

Nawaomba wenzangu wa maabara, hasa vijana mnaoandika tasnifu kuhusu bakteria wa kusafisha mazingira: wekeni chupa zenye wafu, na osheni udongo wenu kabla ya kuandika neno lolote la kuvunjwa au kuliwa. Ukikuta kosa kwenye ripoti iliyokwisha kutoka, rudi kwa watu wiki hiyohiyo. Usingoje vipimo vya kukupa ujasiri.

Na wewe unayeishi karibu na ghala la zamani la dawa, uwe mkulima wa pamba Shinyanga au wa kahawa Kilimanjaro, muulize aliyekuja kupima kama alipima udongo au maji peke yake, na kama alipima masika au kiangazi. Akikuambia alipima maji tu, waambie mwenyekiti wa kijiji na afisa ugani waombe sampuli za udongo zipelekwe kwenye maabara yenye uwezo, kama ile ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Arusha. Hadi majibu yatakapotoka, kuku wafungiwe mbali na uwanja huo, watoto wasichezee hapo, na udongo wake usichimbwe.